Mkanda wa taimingi: ubadilishwe lini, na ubadilishwe pamoja na nini

Gari limeshuka bandarini kutoka Japani, lina umri wa miaka 12, dashibodi inasoma kilomita 78,000. Mnunuzi anapiga hesabu: mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye 100,000, basi bado nina 22,000 za kutembea. Hesabu hiyo inaua injini nyingi, kwa sababu mkanda huu wa mpira wenye meno ndio unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu), na ukikatika pistoni inaweza kugonga valvu. Kikomo kinachofuatwa Japani kwa magari mengi ya mkanda ni kilomita 100,000 au miaka 10, chochote kitakachotangulia. Mkanda wa gari hilo, kama ni ule wa kiwandani, muda wake uliisha miaka miwili kabla ya gari kupanda meli, hata kama lilikaa limeegeshwa tu. Mpira huzeeka ukiwa umesimama. Hukauka kwa joto la injini, hupoteza unyumbufu, na nyuzi za kioo zilizomo ndani yake huanza kukatika moja moja pale mkanda unapojikunja kwenye puli ndogo.

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 kuingia, kwa hiyo gari la huko hufika likiwa limebakiza angalau miaka miwili ya mkanda. Tanzania huruhusu ya zamani zaidi kwa ushuru wa uchakavu, na ndiyo maana magari mengi yanayopewa namba Dar es Salaam yana mkanda uliokwisha muda tangu siku ya kwanza. Kazi ya gereji imenifunza kuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: mkanda huu ulifungwa lini, na ushahidi uko wapi? Namba ya dashibodi peke yake si ushahidi, kwa kuwa hurudishwa nyuma, na wanaoirudisha nyuma hawaurudishii mkanda ujana wake.

Ushahidi mara nyingi upo ndani ya boneti na watu wanaupita bila kuuona. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda hubandika kistika, ama juu ya kava la plastiki la taimingi, ama kwenye chuma kilicho karibu na shokomzoba, ama pembeni mwa mlango wa dereva. Kina maandishi タイミングベルト, tarehe na kilomita. Tarehe ndiyo inayowasumbua wengi, kwa sababu huandikwa kwa miaka ya enzi za wafalme wao. Ukiona H au maandishi 平成, hiyo ni Heisei: chukua namba ya mwaka ujumlishe 1988, kwa hiyo H26 ni 2014. Ukiona R au 令和, hiyo ni Reiwa: jumlisha 2018, kwa hiyo R3 ni 2021. Alama 万 ni elfu kumi, basi 9.8万 ni kilomita 98,000. Kama kistika kinasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000 na dashibodi leo inasoma 78,000, umejua mambo mawili kwa mpigo mmoja: mkanda uliwahi kubadilishwa, na dashibodi imechezewa.

Hakuna kistika, hakuna risiti, hakuna kitabu cha sevisi? Chukulia kwamba mkanda umekwisha. Sitoi ushauri mwingine kwa gari la aina hiyo, hata likiwa linanguruma vizuri. Na siku utakapobadilisha wewe, andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi ya mafuta juu ya kava, kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye.

Taa ya T-BELT kwenye dashibodi za Toyota za dizeli, kama Prado, Surf na Hilux, inaeleweka vibaya. Taa ile haiugusi mkanda wala haiupimi. Inahesabu kilomita tu. Kwenye injini ya 1KZ-TE huwaka ikifika 100,000, kwenye nyingi za KD (1KD na 2KD) ni 150,000. Mtu akiizima bila kubadilisha mkanda itakaa kimya duru nzima nyingine, na kuizima ni kazi ya dakika chache. Ikiwaka, itii. Isipowaka, usijenge imani juu yake.

Kabla ya kuingia gharama, hakikisha kwanza injini yako ina mkanda kweli, maana wapo wanaouziwa "sevisi ya taimingi" kwenye injini ya cheni. IST, Vitz, Probox, Premio, Allion na Fielder zenye 1NZ-FE ni cheni. 1ZZ-FE, 2ZR-FE na 1AZ-FE ni cheni. Hiace, Hilux na Prado za petroli zenye 1TR-FE au 2TR-FE ni cheni, na dizeli mpya za 1GD na 2GD vilevile. Nissan za HR15, MR20 na QR20, Honda Fit, Mazda Demio za ZJ na ZY, zote ni cheni. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa. Inataka oili safi kwa wakati, na ikilegea hupiga kelele asubuhi.

Zenye mkanda ni hizi tunazokutana nazo kila siku: Corolla na Carina za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, RAV4 ya zamani, Ipsum, Corona na Noah SR40 zenye 3S-FE, Mark II za 1G-FE, Harrier ya V6 yenye 1MZ-FE, Hiace za dizeli za 3L, 5L, 1KD na 2KD, Land Cruiser za 1HZ, Subaru Forester, Impreza na Legacy za EJ20 na EJ25, Pajero za 4D56, Pajero Mini ya 4A30. Kirikuu ya Suzuki inategemea injini: F6A ni mkanda, K6A ni cheni. Ukibaki na shaka, tazama mbele ya injini. Kava la plastiki jepesi lililoshikwa na bolti ndogo za namba 10 ni la mkanda. Kava zito la aluminiamu lililogandishwa kwa gasketi ya maji, ambalo ukilifungua unakuta oili ndani, ni la cheni.

Baada ya hapo jua kitakachotokea mkanda ukikatika, kwa sababu hapo ndipo haraka yako inapopimwa. Mkanda ndio unaofunga mwendo wa krenki na mwendo wa kamshafti, ili valvu zifunguke na kufunga pistoni ikiwa mahali pake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde moja. Kwenye 3S-FE, 4A-FE na 7A-FE, valvu ikibaki imefunguka pistoni haiifikii. Mkanda ukikatika gari huzima barabarani, unavutwa, unafungwa mkanda mpya, safari inaendelea. Kwenye dizeli zote nilizozitaja, na kwenye EJ25 na EJ20 za miaka ya karibuni, nafasi hiyo haipo. Pistoni inagonga valvu zilizobaki wazi na kuzipinda ndani ya mzunguko mmoja. Hapo unazungumzia hedi kufunguliwa, valvu mpya, gaidi za valvu kukaguliwa, hedi kupelekwa kusawazishwa kwa mashine, gasketi seti nzima, bolti za hedi, na wakati mwingine pistoni iliyochimbika. Gharama yake ni mara kadhaa ya mkanda na vyote vinavyoandamana nao. Mwenye Forester au Prado wa 1KZ asijilinganishe na jirani mwenye Noah SR40 aliyekatikiwa na mkanda akaendelea na maisha.

Kilomita zenyewe, kwa miji yetu, hazisemi ukweli wote. Injini ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kukanyagwa mafuta, inazunguka kama mara 700 kwa dakika, yaani mizunguko 42,000 kwa saa, na gari halijasogea. Barabarani kwa kasi ya kilomita 80, tuchukulie mizunguko 2,500 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 150,000. Kwa hiyo saa moja ya foleni ya Morogoro Road imeuzungusha mkanda sawasawa na safari ya kilomita 22, na dashibodi haikuandika hata moja. Mtu anayekaa foleni saa mbili kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anaongeza zaidi ya kilomita 13,000 zisizoandikwa kila mwaka, tena katika joto baya zaidi, kwa sababu gari likisimama hewa haipiti. Ndiyo maana kwa gari la mjini lenye kikomo cha 100,000 mimi nabadilisha kwenye 80,000, au miaka 7 hadi 8. Kwa daladala na teksi sisubiri mwaka hata kidogo, naangalia kilomita na uvujaji wa oili.

Kuhusu dalili: mkanda hauna tabia ya kuonya. Cheni hupiga kelele, klachi huteleza, betri hulegea kwanza. Mkanda hufanya kazi yake vizuri mpaka sekunde ya mwisho. Vinavyoonya ni vile vinavyouzunguka. Mlio mwembamba wa kulia kutoka mbele ya injini, unaopanda ukikanyaga mafuta na haubadiliki ukiondoa mkanda wa oltaneta, ni beringi ya rola (puli inayouongoza mkanda) au ya tenshona (ile inayoukaza). Alama ya maji yaliyokauka, nyeupe, ya kijani au ya waridi, chini ya kava, ni pampu ya maji iliyoanza kuachia. Oili inayotoka chini ya kava la taimingi ni sili ya krenki, ya kamshafti au ya pampu ya oili, na oili hiyo inaulainisha mpira na kuung'oa meno. Mkanda ulioloa oili hauna tena kilomita wala miaka. Unabadilishwa wiki hiyohiyo.

Kuukagua kwa macho kunasaidia upande mmoja tu. Fungua bolti za kava la juu, weka tochi, zungusha krenki kwa spana taratibu mkanda wote upite mbele yako. Ukiona nyufa kwenye shina la meno, mgongo unaong'aa, ukingo uliochomoza nyuzi, au jino lililomeguka, jibu umelipata. Lakini usipoona kitu, hujapata jibu. Mpira wa mikanda ya kisasa hauweki nyufa kirahisi kama wa zamani. Unaweza kuonekana mweusi na mzuri huku nyuzi za ndani zimechoka. Fundi anayefungua kava, akaangalia sekunde tano na kusema "bado mzima, bosi", amekuambia habari za ngozi tu.

Mkanda wa zamani ukishatoka, usiutupe kabla ya kuusoma. Ukingo mmoja tu ukiwa umelika, kuna rola au pampu iliyoinama. Meno ya sehemu moja yakiwa yamekatwa kama kwa kisu, kuna kitu kilikwama kuzunguka, mara nyingi pampu ya maji. Mgongo ukiwa umeungua na kung'aa, rola ilisimama na mkanda ukawa unasugua juu yake. Mkanda uliokatika mstari mmoja ulionyooka uliwahi kukunjwa, ama dukani ama siku ya kufungwa.

Hapa ndipo fedha zinapookolewa au kupotezwa: kinachobadilishwa pamoja na mkanda. Rola na tenshona zimezunguka kilomita zilezile, na beringi zake zina grisi ya kiwandani ambayo haiongezwi. Ukifunga mkanda mpya juu ya rola ya zamani, umeweka kikomo kipya cha mkanda juu ya beringi ambayo imekwisha. Rola ikijam, inaukata mkanda mpya kama ilivyokuwa iukate wa zamani. Kwa hiyo seti yangu kwa 3S-FE ni hii: mkanda, rola zote mbili na springi ya tenshona, pampu ya maji na gasketi yake, sili ya kamshafti, sili ya mbele ya krenki, na sili ya pampu ya oili pamoja na oringi yake. Kwenye injini hii pampu ya maji na pampu ya oili zote zinazungushwa na mkanda wa taimingi, na sili ya pampu ya oili ndiyo inayovuja mapema kuliko nyingine. Kwa Subaru EJ: mkanda, tenshona ya hidroliki, rola laini zote, ile rola yenye meno ambayo wengi wanaisahau kwa kuwa ina bei, pampu ya maji na themostati.

Si kila injini inadai pampu ya maji. Kwenye 4A-FE, 1HZ, 1KZ na KD, pampu inazungushwa na mkanda wa nje. Ikianza kuvuja baadaye unaibadilisha bila kugusa taimingi, kwa hiyo hapo usikubali kubebeshwa pampu ambayo haina tatizo. Na kazi ya 1KD au 2KD yenyewe ni nyepesi kuliko bei zinazotajwa. Mkanda uko juu, krenki haifunguliwi puli, na fundi anayeijua anaimaliza ndani ya nusu siku akiwa hana haraka. Ukitajiwa siku mbili kwa Hilux ya 2KD, uliza kwa nini.

Sili zina kisa chake. Fundi anaweka sili mpya, miezi mitatu baadaye oili inavuja tena, lawama zinaenda kwa spea. Mara nyingi kosa liko kwenye valvu ya PCV iliyoziba. Pumzi ya ndani ya injini ikikosa njia ya kutoka inasukuma sili kutoka ndani. Ing'oe valvu ile, itikise; isipogonga ndani, badilisha kabla hujafunga sili. Sili yenyewe hung'olewa bila kuikwaruza shafti, kwa bisibisi iliyofungwa tepu, kisha mdomo wa sili mpya unapakwa oili kidogo na kusukumwa taratibu kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake, ikae sawa na ukingo wa nyumba yake, isizame zaidi.

Sasa kufunga. Nitaeleza kwa gari la injini iliyolala upana, kama RAV4 au Ipsum ya 3S-FE. Noah SR40 ina injini ileile lakini iko chini ya viti vya mbele imelala urefu, kwa hiyo hatua za tairi na maunti (kishikilia injini) hazihusiki.

Injini iwe baridi. Toa waya wa hasi wa betri. Ondoa tairi la mbele kulia na kinga ya matope ya ndani. Mwaga kulanti kama pampu inabadilishwa. Toa mkanda wa oltaneta na wa pawa. Weka jeki chini ya sampu (karai la oili) na kipande cha ubao katikati, ipokee uzito wa injini, ndipo ufungue maunti ya kulia. Ng'oa plagi zote nne. Injini isiyo na kompresheni inazunguka laini na mkono wako unahisi kitu kikigusana. Zungusha krenki upande wa saa mpaka mfereji wa puli ufike kwenye 0. Kisha tazama puli ya kamshafti: ina tundu dogo, na ukichungulia kupitia tundu hilo unaona alama iliyokatwa kwenye kikombe cha beringi nyuma yake. Vikikaa mstari mmoja, silinda ya kwanza iko juu kwenye kompresheni. Usipoona alama kupitia tundu, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi.

Bolti ya puli ya krenki ndiyo inayokula muda. Tumia kishikio cha puli. Kuna ujanja wa kuweka spana kwenye bolti, kuiegemeza kwenye fremu na kupiga stata. Unafungua bolti, lakini pia unavunja mikono na kuruka taimingi. Siwaruhusu vijana kuufanya.

Legeza rola ya tenshona, isukume mbali, ibane, vuta mkanda. Kuanzia hapo usizungushe kamshafti wala krenki bila sababu. Safisha puli zote kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa kikavu. Badilisha sili na pampu, kausha kila tone la kulanti, ndipo mkanda mpya utoke kwenye boksi lake. Usiukunje, usiupindue nje ndani, usiupake chochote. Uanze kwenye krenki, upande ambao hauna tenshona ubaki umekazika, umalizie upande wa tenshona. Achia tenshona ili springi ivute yenyewe; mtu asiisaidie kwa bomba la spana, kwa kuwa mkanda uliokazwa kupita kiasi unalia na kuua beringi za pampu. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande wa saa tu, kisha urudi kutazama alama. Zikikaa, kaza rola. Zisipokaa hata kwa jino moja, toa mkanda, anza upya. Jino moja linatosha kuifanya injini ikose nguvu, itetemeke na kula mafuta. Ukihisi kizuizi kigumu wakati wa kuzungusha, simama hapohapo. Mkono ukisimama hakuna kilichopinda, stata haisimami.

Bolti ya krenki ya 3S-FE inakazwa Nm 108 kwa spana ya kupimia nguvu. Ikibaki legelege, puli inacheza, inatafuna kabari na mfereji wake, na ukarabati wake ni krenki nyingine.

Subaru ina mitego yake miwili. Mtego wa kwanza uko kwenye krenki: sproketi ina mshale unaovutia macho, lakini alama ya taimingi si mshale. Ni mkwaruzo mfupi kwenye jino la sahani iliyo nyuma ya sproketi, unaopaswa kulingana na alama kwenye nyumba ya pampu ya oili juu yake. Wanaofuata mshale wanafunga mkanda vibaya na injini haiwaki, au inawaka mara moja na kupinda valvu. Mkanda wenyewe huja na mistari iliyochorwa kwa ajili ya krenki na kamshafti. Mistari hiyo inalingana siku ya kufunga tu. Ukishazungusha mizunguko miwili itakuwa imehama, na hilo si kosa. Unachokagua ni alama za sproketi.

Mtego wa pili ni tenshona ya hidroliki. Kijiti chake hukandamizwa kwenye jiriwa kikiwa kimesimama wima, polepole kwa dakika tatu au zaidi, mpaka matundu yalingane na pini nyembamba ipite. Ukikikandamiza kwa haraka, au kikiwa kimelala, unapasua sili ya ndani. Kitafungwa, kitaonekana kizima, na baada ya muda kitalegea na mkanda kuruka meno. Kijiti kinachozama kwa nguvu ya kidole gumba kimekufa, hakirudishwi kazini. Na kama gari ni la gia za mkono, kuna kinga ndogo za chuma zinazokaa karibu na mkanda pale krenki. Nafasi yake ni milimita 1, ikizidi au kupungua isipite nusu milimita. Kinga zile huzuia mkanda usiruke gari likisukumwa au likipigishwa gia kwa nyuma. Wengi hubakiza bolti zake sakafuni.

Dizeli za 3L na 5L zina alama tatu, krenki, kamshafti na pampu ya nozeli, na pampu ina tabia ya kuruka ukitoa mkanda kwa sababu springi zake zinaisukuma. Zote tatu zilingane kabla tenshona haijaachiwa. Pampu ikiwa nje kwa jino moja gari hutoa moshi na kuwaka kwa shida, na mwenye gari ataanza kubadilisha nozeli zisizo na kosa.

Ukimaliza, jaza kulanti taratibu, hita ikiwa kwenye joto la juu, na uache injini ifanye kazi mpaka feni iwake na mapovu yaishe. Subaru na Noah SR40 hushika hewa sana, na injini yenye mkanda mpya inaweza kuungua hedi siku hiyohiyo kwa hewa iliyobaki ndani.

Kuhusu spea. Kariakoo ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi na Kisekka ya Kampala zote zina mikanda halisi na zote zina ya bandia, wakati mwingine kwenye rafu moja. Mikanda ninayoiamini ni ya boksi la mtengenezaji wa gari, Mitsuboshi, Bando, Gates na Unitta. Pampu za Aisin na GMB. Beringi za Koyo, NSK na NTN. Jina kwenye boksi halitoshi. Kwarua maandishi ya mkanda kwa ukucha: ya bandia hutoka kama vumbi. Tazama meno kwa pembeni: yawe ya urefu mmoja, na kitambaa kinachoyafunika kisiwe na makunyanzi. Hesabu meno na upime upana ukilinganisha na wa zamani kabla hujalipa. Mkanda uliotundikwa msumarini kwa miaka, ukaonyesha umbo la msumari, uache hapohapo. Zungusha rola kwenye kidole: rola mpya nzuri huwa nzito kidogo na kimya, kwa kuwa imejaa grisi. Inayozunguka kwa urahisi kwa muda mrefu ikitoa mchakacho ni tupu ndani.

Anayenunua injini iliyotumika, ile inayoshushwa kwenye kontena, asikubali ifungwe na mkanda iliyokuja nao. Injini ikiwa chini, kazi yote ya taimingi ni ya asubuhi moja, bila maunti, bila tairi, bila kujipinda. Ikishaingia garini unalipa kazi mara mbili.

Na ikiwa mkanda umeshakatika, jambo la kwanza ni kuacha kupiga stata. Kila mzunguko unaongeza majeraha. Kwa injini zinazogongana, usikimbilie kufungua hedi wala usikimbilie kufunga mkanda na kuwasha. Rudisha alama mahali pake kwa upole, funga mkanda wowote unaofaa kwa kupimia, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, kisha pima kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Silinda inayosoma sifuri ina valvu iliyopinda. Zote zikisoma karibu sawa, huenda mkanda ulikatika injini ikiwa sailensa, na umenusurika. Funga seti mpya kamili. Ikisoma sifuri hata moja, hedi inafunguliwa, na valvu zote zinakaguliwa kwenye mashine, si zile zilizoonekana kupinda tu. Kisha tafuta kilichoukata mkanda. Rola iliyojam au pampu iliyokwama ikirudishwa ndani, mkanda mpya hautamaliza mwezi.